Yule Mbwa Uliyemletea Mama

Nyumbani kwa marehemu Baba,
Nyuma ya soko,
Asembo Bay.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Yahya,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii imekukuta umeshiba, una afya, na umevaa lile koti zito nililokushonea, maana mtu anayeshinda kwenye ghala la baridi huku jua la Doha linachoma nje anaweza kuugua pande zote mbili. Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unakohoa ukadai ni vumbi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, kikohozi chako nakijua.

Sisi huku tuko wazima, alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Presha yangu imeshuka tangu niache chumvi, na hamu ya kula samaki imeshuka nayo. Duka linakwenda. Magugu maji yamejaa tena ufuoni mwa ziwa, dagaa wa omena wamekuwa adimu, na wanawake wa sokoni wana hasira na kila anayepita.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Lakini simu nimeijaribu, Yahya. Kila nikifika kwenye neno "Mama" mtandao wako unaharibika. Karatasi haina kitufe cha kukata. Nampa Becky, binti wa jirani zetu Oluoch na Jacinta, aliyepata kazi ya hoteli huko kwenu. Nimemwapisha akukabidhi mkononi na asimame hapo mpaka umalize kusoma. Usimfokee, mtoto wa watu, ametumwa tu.

Sasa niseme lililonikalisha chini. Kuku wa Mama wamekwisha. Fisi aliingia bandani akawamaliza, wote isipokuwa mtetea mmoja mweupe aliyerukia paa la choo na kukaa huko mpaka jua lilipopanda. Najua ulisema hivi ndivyo itakavyokuwa. Nakuomba usiseme tena, hata peke yako, mpaka ufike mwisho wa barua.

Siku ile ya ugomvi wako na Mama, ulipokuja likizo, kila mmoja wenu huisimulia kwa namna yake, na mimi niliyekuwa katikati sijawahi kuulizwa. Basi leo nisikilize. Fisi walikuwa wameanza kushuka kutoka vile vichaka vya mawe kule juu. Walikuwa wamekula mbuzi wa Oluoch, na watu walikuwa wakifunga mikebe kwenye kamba kuzunguka nyua zao ili ilie wakipita. Wewe ukaenda Bondo asubuhi, ukarudi na mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni, sikio moja limesimama na jingine limelala, na ulikuwa umeshamwita Chifu kabla hujashuka kwenye pikipiki. Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Hakuinua sauti. Alisema tu kwamba huyo akiingia getini, yeye anatoka.

Ukamwambia kwamba mbwa wa kulinda mifugo dini imemruhusu. Lilikuwa neno la kweli, lakini ulilisema kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi, tena mbele ya Jacinta aliyekuja kununua sukari. Mama, aliyekufundisha alifu kwa kijiti mchangani, akakuuliza kama huko Doha wanafundisha na adabu. Ukasema, "Basi kuku wako wakiliwa usinipigie simu." Akajibu, "Sitakupigia hata nikiliwa mimi." Ukaenda kulala Bondo, ukapanda ndege bila kumbusu mkono, na tangu siku hiyo kila mmoja wenu anapata habari za mwenzake kupitia kwangu.

Yahya, Mama amezeeka. Ukimwona akisimama kutoka kwenye mswala utafahamu ninachosema. Hilo ndilo linaloninyima raha, zaidi ya kuku. Naogopa hata kuagana mtaagana kupitia kwangu.

Sasa nikueleze habari za mbwa wako, kwa sababu hukuwahi kuniacha nizifikishe. Ulimpitisha kwa Oluoch juu ya ua, na Oluoch akampokea kwa moyo mweupe. Lakini Chifu alikula kwao na kushinda kwetu. Alilala nje ya geti letu, amelielekea banda la kuku. Labda alikumbuka katoni yako, labda alipenda harufu ya kuku tu. Mimi si mjuzi wa mbwa.

Mama akawa anakaa na lile kopo la bluu la maji ya udhu pembeni yake. Mguu wa Chifu ukivuka reli ya chini ya geti, maji. Hakumpiga hata siku moja, wala hakumrushia jiwe. Ilikuwa maji tu, usoni. Mnyama akajifunza. Ikafika mahali anaweka kidevu juu ya ile reli bila hata ukucha kuvuka, anamtazama Mama, na Mama anamtazama. Nilikuwa nikicheka mpaka machozi. Leo natamani nisingecheka.

Usidhani kuku waliachwa ovyo. Mama alikuwa akiwahesabu kila magharibi, akilizunguka banda huku anasoma dua, na taa ya sola ikiwaka juu ya mlango. Ule wavu wa chuma uliotuma ulifika, na alijua umetoka kwa nani ingawa sikutaja jina. Hakusema lolote kwangu. Ila kila mgeni aliyekuja alipelekwa uani kuonyeshwa wavu ambao, kwa maneno yake, Bondo nzima haupatikani.

Uliagiza uzikwe ardhini kwa sababu fisi huchimba. Nilimfikishia fundi Wanyonyi neno hilo kama ulivyolisema. Akauzungusha vizuri, akakaza kila nguzo, lakini kuhusu kuzika akasema ardhi imekauka mno, atarudi Jumatatu mvua ikianza. Jumatatu za Wanyonyi unazijua. Mvua ilikuja, Wanyonyi hakuja, nami sikumfuata kwa sababu nilikuwa na mambo ya duka.

Kisha ikatokea ile ya kopo. Mama alikuwa akimwagilia mchaichai nje ya geti, akalisahau kopo pale, na Chifu akanywa humo. Mama akaliosha mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa, na kila akiosha alikuwa akiguna ili nimsikie. Alipomaliza akanituma kwa Oluoch. Oluoch hakubishana hata kidogo. Alichukua kamba ya mtumbwi akamfunga Chifu kwenye nguzo nyuma ya jiko lake, akaniambia, "Ambia Mama nimemufunga sawasawa. Hii mbwa haitasumbua yeye tena." Mama alifurahi, akampelekea mandazi ya shukrani yakiwa bado moto.

Fisi alipokuja, Chifu alibweka. Nataka ulielewe hili vizuri, kwa sababu ndilo linalonichoma. Alibweka mpaka sauti ikamkauka, akiivuta ile kamba, na sisi tulimsikia. Mama alisema kutoka chumbani kwake kwamba huyo hata akifungwa hana adabu. Mimi nikanyanyuka nikafunga dirisha. Tulikuwa tunaambiwa, Yahya, tena kwa sauti kubwa, na mimi nikafunga dirisha nikalala.

Asubuhi Mama alitoka na mkebe wake wa mahindi akiwaita kama siku zote. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Nilimsikia akiita, kisha akaita tena, kisha akaendelea kuita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kubembeleza. Nilipofika nilimkuta amesimama mbele ya shimo lililochimbwa chini ya wavu wako. Wavu wenyewe haukupata hata mkwaruzo. Manyoya yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye ua wa minyaa. Yule tembe mkubwa mwenye manyoya ya kujikunja, aliyekuwa akidonoa visigino vya kila mgeni, hatukuona hata alama yake.

Mama alikaa chini pale pale kwenye tope na kanga yake safi. Akasema, "Nimepoteza kuku wa mtoto." Nilidhani amechanganyikiwa kwa mshtuko. Nikamwuliza ni mtoto yupi.

Unamkumbuka kuku uliyepewa na baba yake Oluoch, ulipokuwa bado unavaa kaptula, kwa kuwasaidia kuanika omena likizo nzima? Yule mwekundu, miguu ya manjano. Siku unaondoka kwenda Doha ulisema huku unafunga begi, "Mama, nitunzie kuku wangu." Ulikuwa unatania, sote tulicheka. Yeye alitunza. Wote waliokuwa bandani walikuwa uzao wa yule mwekundu wako, na ndiyo maana Idi ikifika alikuwa anakwenda sokoni kununua kuku wa kuchinja, mimi nikimtania kwamba mwenye kuku tele ananunua kuku. Hakuwahi kunieleza, naye kwa kiburi chake asingekueleza wewe. Kwa hiyo ulipomwambia "kuku wako wakiliwa", wewe ulikuwa na hasira zako tu. Yeye alisikia mwenye mali anaikana mali yake.

Nililia siku hiyo, nakwambia ukweli. Nililia uani nikiokota manyoya, nikalia tena dukani mteja akataka kujua kama nimefiwa. Uani kumekuwa kimya mno. Hujui kelele za kuku ni sehemu ya nyumba mpaka ziondoke.

Majirani walikuja kutupa pole. Hata chifu wa lokesheni alifika, akatuandikia namba ya watu wa wanyamapori, na muda wote alipokuwa hapa tulilazimika kumtaja mbwa kama "yule", tusije tukamvunjia mzee heshima. Watu wa wanyamapori nao walikuja, wakatazama nyayo, wakatushauri tuzike wavu na kupanga mawe mazito chini. Walisema maneno yako hasa. Wanyonyi alisimama hapo anatazama ardhi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na Jumatatu ya kutaja. Wavu umeshazikwa sasa, na mawe yamepangwa, kulinda banda tupu.

Maalim Aqil wa madrasa alikuja pia. Mama akamwuliza habari ya mbwa wa kulinda mifugo, huku akitazama vidole vyake mwenyewe. Maalim akasema hakuna ubaya, mradi akae nje na asiguse vyombo. Mama akauliza, "Tangu lini?" Maalim akasema, "Tangu zamani, Mama." Mama akakoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Yahya alisema hivyo hivyo." Yahya, ni mara ya kwanza jina lako kutoka kinywani mwake tangu uondoke. Mimi nilijifanya natafuta sukari.

Kesho yake akavaa buibui lake la Idi akaenda kwa Oluoch, kwa miguu ile ile inayomsumbua. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa. Akamwomba Oluoch radhi mbele ya mkewe, kwa Kijaluo, ili Oluoch asiwe na shaka kwamba amesikia sawasawa. Oluoch akatikisa kichwa akamjibu kwa Kiswahili, nadhani naye kwa heshima. "Hapana, Mama. Mimi ndio nilikosa. Nilisikia yeye akilia usiku yote. Nikasema nikimufungulia, Mama ataona simuheshimu." Sasa niambie nani wa kulaumiwa hapo. Kila mmoja wetu alikuwa na adabu, na kuku wakaliwa.

Oluoch akamfungua. Chifu amekuwa mkubwa, ungemwona, kifua kipana, na sikio lile bado limelala. Kamba imemwachia kidonda shingoni ambacho Jacinta anakipaka dawa. Akatufuata njia nzima, nyuma ya Mama. Tulipofika, Mama akaingia ndani ya geti, akageuka, akamwambia karibu. Chifu akalala chini akaweka kidevu juu ya reli.

Tumemjaribu kwa kila namna. Mifupa tumeweka ndani, ugali wenye mchuzi wa samaki mbuta tumeweka, mimi nimemwita kwa jina lake, Oluoch amemsukuma kwa nyuma mpaka akatoka jasho. Havuki. Akiona lile kopo la bluu anafumba macho na kusubiri maji. Siku ya kwanza Mama alipoona hivyo aliingia chumbani kwake akafunga mlango, nami sikumfuata.

Sasa kila siku baada ya alasiri hukaa na kiti chake karibu na geti, Chifu upande wa nje, yeye upande wa ndani. Hulichukua kopo, hulipindua mbele yake ili aone halina kitu, hulikung'uta, kisha huliweka kifudifudi mchangani. Hamwiti tena. Nilimwambia tumpe muda, akasema mbwa muda anao, wasiwasi wake ni muda wake yeye mwenyewe.

Aliniagiza nikuandikie maneno mawili tu. La kwanza, kwamba kuku wako wamekwisha. La pili, kwamba umsamehe, alikuahidi kuwatunza akashindwa. Akanikataza kabisa nisikuombe uje, akasema mtu haombwi kuja kwao. Basi sikuombi kwa niaba yake. Nakuomba kwa niaba yangu, kwa sababu nimechoka kubeba maneno yenu kutoka upande huu kwenda ule, na yananilemea.

Sikuandikii haya ili nikufananishe na mbwa; Mama akisikia atanirukia. Lakini kopo ni tupu, Yahya. Nimeliona mwenyewe likipinduliwa.

Msalimie Ridhwan unayekaa naye chumba kimoja, umwambie ile dawa ya mgongo aliyoniletea imenifaa. Oluoch na Jacinta wanakusalimu sana na wanamweka Becky mikononi mwako, umtazame kama mdogo wako. Maalim Aqil anakuombea. Binti yangu Amirah anakusalimu, anauliza viatu alivyoomba vimefikia wapi, nami nimemwambia aache tamaa wakati watu wana msiba wa kuku.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akuondolee hicho kikohozi, akupe moyo mwepesi kuliko wangu, na akurudishe salama mahali unapojulikana kwa jina la utotoni.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,
Safia

Nilikuwa nafunga bahasha, Mama akapita akauliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia ni habari za kuku. Akasimama hapo mlangoni kidogo. Anasema nikuulize jambo moja: yule mtetea mweupe ameanza kutaga, na jogoo wa Oluoch huwa anapita huku. Kuku ni wako, mayai ni yako. Anataka kujua amwache ayaatamie, au akuwekee uje uyale. Hilo, Yahya, simpelekei jibu mimi. Mpigie mwenyewe.